Kaseti Isiyovunjwa Vijino

Fundi Redio ana sheria zake, na asiyezitaka mlango uko wazi. Kila Jumamosi alasiri tunakutana kwenye karakana yake, mimi kinyozi, Dereva mstaafu wa malori, na mwenyewe Fundi, na kila mmoja anasema wiki ile amesikiliza albamu gani. Kuruka wimbo ni marufuku. Na mashine ikishawashwa haizimwi kwa mkono. Inaachwa mpaka kitufe kiruke chenyewe, hata kama muziki umekwisha dakika kumi zilizopita. Ndivyo anavyorekodi pia. Santuri ikifika mwisho anaiacha kaseti iendelee kunakili ukimya, ili nyuma pasibaki mabaki ya sauti za zamani.

Kaseti akiipenda, anavunja vijino vya plastiki vilivyo mgongoni mwake. Viko viwili, kila kimoja kinalinda upande wake. Kikishavunjwa, huwezi tena kurekodi juu ya upande huo. Yenye vijino ni mali ya umma.

Mkewe, shemeji yetu, alikuwa akitucheka bila huruma. "Wazee wazima mnasomeana majina ya kaseti! Hamna wajukuu wa kuwalea?" Hakuwahi kukaa nasi hata mara moja. Lakini mwaka jana, alipougua akashindwa kushuka ngazi, alituletea kaseti kwa mkono wa mumewe. Ilikuwa na doa la rangi yake ya kucha pembeni. Tukaiweka, ikatoka sauti yake ile yenye mkwaruzo:

"Jamani, mimi wiki hii nimesikiliza albamu ya mume wangu akikoroma. Ina miaka ishirini na sita sasa. Wimbo wa kwanza na wa mwisho ni ule ule, na besi yake inatikisa kabati."

Dereva alicheka mpaka akajimwagia chai. Fundi alijifanya amekasirika, lakini meno yote yalikuwa nje. Mwishoni shemeji akasema, "Upande wa pili nitawaletea Jumamosi ijayo, nikijaliwa."

Hakujaliwa. Tulimzika Ijumaa.

Fundi hakuvunja vijino vya kaseti ile. Nilikuja kuelewa sababu nikiwa nimeshachelewa: mkewe alikuwa ameahidi upande wa pili, na kuvunja ingekuwa sawa na kumwambia hana tena la kuongeza. Wala hakuiandika jina, maana yeye huandika jina albamu ikishakamilika. Akaiweka tu rafuni, juu ya meza yake ya kazi, mahali ambapo angeiona kila siku.

Sasa nije kwangu mimi. Miezi minane baadaye mteja mmoja aliniazima santuri niliyoitafuta tangu ujana, kwa sharti nimrudishie siku ile ile. Nikaingia karakanani mbio kama ninayefukuzwa. Fundi alikuwa ameinamia redio ya mtu, waya mdomoni.

"Fundi, nipe kaseti tupu, haraka!"

"Chukua hapo rafuni. Yenye vijino."

Nikachukua yenye vijino. Niliikagua kwa kidole, kama alivyotufundisha, lakini macho yangu yalikuwa kwenye santuri. Nikaitia mashineni kwa mkono wangu, nikabonyeza. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa pale pale.

Muziki ulikuwa mtamu kweli, sitadanganya. Ukaisha, kaseti ikaendelea kuzunguka kama kawaida yetu, kitufe kikaruka. Fundi akaitoa, akaigeuza, akaona lile doa la rangi ya kucha.

"Hii umeitoa wapi?"

"Rafuni. Si umesema yenye vijino?"

"Nimesema," akajibu.

Laiti angenitukana. Aliirudisha mashineni, akasikiliza upande mzima tangu mwanzo, sikio kwenye spika, akitafuta hata kikohozi. Labda kama angekuwa mtu wa kuzima mashine muziki unapokwisha, kingebaki kitu. Hapakuwa na kitu. Niliondoka nikilia barabarani, mtu mzima na santuri ya kuazima kwapani.

Tangu hapo tumejaribu kumkumbusha maneno. Mimi nasema kabati. Dereva anaapa lilikuwa dirisha. Siku moja tulibishana mpaka Fundi akasema, "Basi, ndugu zangu. Mnaniharibia hata nilichobaki nacho."

Jumamosi iliyopita Dereva alitaja albamu yake, nami nikataja yangu. Zamu ya Fundi ilipofika akasema, "Mimi nimesikiliza ya mke wangu."

Akaiweka kaseti pale muziki wa ile santuri unapokomea. Mvumo mtupu. Hakuna aliyeinuka, hata Dereva ambaye goti lake halimruhusu kukaa muda mrefu. Dakika kumi tulikaa vile, wanaume watatu, tukimsikiliza shemeji asiyekuwepo. Sikuthubutu kumtazama Fundi usoni.

Kitufe kiliporuka, akaitoa. Akachukua bisibisi ndogo, akavunja kijino cha upande wa kwanza, akakifuta mezani kwa kiganja. Nikasubiri avunje na cha pili.

Hakukigusa. Akairudisha kaseti rafuni, akaniambia, "Upande huo bado anadaiwa."