Birika la Baba: Kutoka Dagoretti hadi Kanisani na Kurudi

Kutoka kwetu Dagoretti hadi katikati ya Nairobi si mbali, na watu huenda na kurudi kila siku bila kuandika chochote. Safari yangu mimi inastahili kuandikwa, kwa kuwa niliifanya kwa gari ambalo ukoo mzima uliapa halitafika, na kando yangu aliketi mdogo wangu Wairimu akiwa amevaa gauni la harusi.

Gari lenyewe ni la spoti, jekundu, la viti viwili, paa lake la turubai. Baba alilipenda kupita kiasi. Lakini katika miaka yake ya mwisho lilikuwa likichemka kila lilipoona kilima, basi watu wa nyumbani wakalibandika jina: Birika. Baba alipofariki, ndugu yake, Baba mdogo Karanja, alitaka tuliuze kama vyuma chakavu. Nilikataa, nikaliegesha kando ya banda la kuku. Kisha Wairimu akachumbiwa na Wafula, kijana wa Bungoma anayeimba kwaya katika kanisa moja la mjini, na Wairimu akasema jambo moja tu: kwa vile Baba hayupo wa kumpeleka kanisani, atapelekwa na gari la Baba.

"Sawa," Baba mdogo akasema mbele ya kamati ya harusi. "Lakini mimi nakuja nyuma na gari kubwa, nyeupe, ya kukodisha. Hiyo Birika ikichemka tu, bride anaingia kwangu. Na Monday hiyo kitu inaenda scrap. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Nikasema nitaliendesha mwenyewe, mimi kifungua mimba, nikatoka mle ndani nimekasirika hadi masikio yanawaka.

Jumamosi iliyotangulia harusi, nilivaa suruali kuukuu, nikafungua sehemu ya mbele ya gari na kumulika tochi kwenye rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa na upepo unaoingia mdomoni mwa gari. Upepo ungepita wapi? Gari lile lina mdomo mpana ulio chini karibu na lami, nalo lilikuwa limemeza kila kitu: manyoya ya kuku, makapi ya mahindi, mabawa ya kumbikumbi wa mvua za miaka mingi, maua makavu ya jakaranda, na kipande cha juala, ule mfuko mwepesi wa plastiki uliokuwa ukipeperuka kila pembe ya Nairobi siku hizo. Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imezibwa pumzi. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, kwa sababu Baba alikufa akiamini kwamba gari lake limezeeka.

Nilipitisha maji kwa mpira kutoka upande wa injini kuelekea nje, ili uchafu utokee ulikoingilia. Nilifanya taratibu, maana vibati vya rejeta ni vyembamba na maji ya nguvu huvikunja. Vilivyokunjika nilivinyoosha kwa kijiti cha meno. Kuku walikusanyika kula wale kumbikumbi waliokauka, na kufikia jioni mgongo ulikuwa haunyooki.

Jumatatu, baada ya kazi, niliteremka kwa miguu kutoka ofisini kwetu Upper Hill hadi River Road. Katika duka la nyaya na misumari, mwenye duka alinitazama viatu vya ofisini, kisha uso.

"Wavu ni ya nini, madam? Kuku ama sungura?"

"Ya gari."

"Gari? Kwani gari yako inafuga nini?"

Duka zima likacheka, nami nikacheka nao. Nilichagua wenye matundu ambayo ua la jakaranda lisingepita, lakini si madogo mno hata upepo ukose njia. Nyumbani niliufunga mdomoni mwa gari, mbele ya rejeta, mahali ambapo mkono unafika. Uchafu ungekuja, hilo sikuweza kulizuia, ila sasa ungekwama pale ambapo naweza kuupangusa.

Asubuhi ya harusi, Birika lilikuwa linang'aa. Niliingia ndani kuvaa. Nilipotoka, nilitaka kupiga mayowe. Tata Njeri, dada ya Baba, na akina mama wa kanisa walikuwa wamelipamba. Mdomo wote wa gari ulikuwa umefunikwa: kitambaa cha shela, utepe, maua ya waridi, na matawi mabichi kama yale yanayofungwa magari timu ikishinda kombe. Kamera za simu zilikuwa zimeanza kuingia harusini miaka ile, na binamu mmoja alikuwa amepiga magoti akipiga picha.

"Umeona vile imependeza?" Tata akaniuliza, jasho likimtiririka.

Ningesema "toa", ningemvunjia heshima mbele ya wenzake siku ya harusi. Na kama ningenyamaza, tusingefika hata Dagoretti Corner. Nikamshika mkono.

"Tata, imependeza sana. Lakini si sisi ndio tunaongoza msafara? Nani ataona hii kazi yako yote? Watu wote watakuwa wanaangalia nyuma ya gari."

Akafikiri. "Aki ni kweli. Wataangalia matako tupu mpaka town!"

Akina mama wakavunjika mbavu, na dakika chache baadaye utepe na shela vilikuwa vimehamia nyuma. Kulibaki maua na kitambaa tele, na Tata si mtu wa kutupa kitu. Akavipeleka kwenye gari jeupe, akalivalisha mdomo hadi ukajaa.

"Baba mdogo," nikamwambia, "hayo maua yatazuia upepo."

"Hii ni gari, Nyambura," akanijibu. "Si birika."

Saa tatu tukatoka langoni kwa vigelegele. Barabara inateremka kuelekea mjini, na hadi Riruta mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa. Wairimu alikuwa ameshikilia shela yake isipeperuke, akicheka kama alipokuwa mtoto. Tulipoingia Ngong Road msongamano ulikuwa umeanza, na jakaranda zilikuwa zinamwaga maua ya zambarau barabarani. Nikakata kona kupitia Kenyatta Market ili tukwepe magari.

Karibu na soko nikaona moshi mbele yetu. Moyo ulishuka hadi kwenye pedali. Kisha harufu ikafika: walikuwa wanachoma nyama! Nilicheka hadi machozi, nikautazama mshale, na kicheko kikakatika. Ulikuwa unapanda kweli.

Nikaegesha kando ya saluni. Gari jeupe likasimama nyuma yetu, na Baba mdogo akatoka, akafungua mlango wa nyuma.

"Si nilisema? Wairimu, kuja huku. Harakisha, pastor anangoja."

Wairimu akashuka. Nilidhani yamekwisha. Lakini hakwenda kwa Baba mdogo. Alizunguka mbele ya gari, akakunja gauni kwa mkono mmoja na kuinama. Juala jeusi lilikuwa limejibandika kwenye wavu, na juu yake maua ya jakaranda yamelowa na kushikana. Akalibandua lote kwa glavu yake nyeupe, akapangusa wavu kutoka upande huu hadi ule, akamkabidhi Baba mdogo ule uchafu mkononi.

"Nishikie, Uncle," akasema, akarudi kiti chake.

Wasusi waliokuwa mlangoni mwa saluni wakashangilia kana kwamba wanatujua. Nikawasha injini. Upepo ukaingia, mshale ukasita, ukaanza kushuka, na tulipofika Upper Hill ulikuwa mahali pake. Nikapita mbele ya ofisi yetu nikipiga honi, ingawa siku hiyo hakukuwa na mtu ila askari wa lango. Akanipigia saluti.

Kanisani tulifika kabla ya kengele. Wairimu aliingia na glavu moja nyeupe na nyingine ya rangi ya matope. Wafula alipoiona akatoa macho, na Wairimu akamnong'oneza, "Nitakuambia." Nami nilikaa kiti cha mbele nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuificha wala siifichi sasa.

Saa nane tukaanza kurudi Dagoretti kwa sherehe. Maharusi walipanda gari jeupe lenye nafasi, Baba mdogo akiwa usukanini. Mimi nilifuata na Tata Njeri, nikiwa nimeupangusa wavu tena. Kurudi ni kupanda. Katikati ya kilima cha kutoka mjini, gari jeupe likaanza kutoa mvuke kupitia maua.

Safari hii haikuwa nyama choma.

Nilimpa Wafula funguo. Sijawahi kumpa mtu mwingine funguo zile, lakini gari lina viti viwili na maharusi walikuwa wawili. Birika likapanda kilima na utepe wa Tata ukipepea nyuma, msafara mzima ukilifuata, na hata walipopotea machoni nilikuwa bado naisikia honi ya Baba. Tata naye akachukuliwa na gari la akina mama.

Tukabaki mimi na Baba mdogo kando ya barabara. Kitambaa kilikuwa kimefyonzwa ndani na kunata kwenye rejeta, na maua yamepikwa. Niliondoa kimoja kimoja huku tukingoja maji yapoe. Baba mdogo akaokota ua moja lililoiva kwa joto, akaligeuzageuza.

"Gari ya brother yangu, shida ilikuwa ni hii tu?" akauliza. "Takataka?"

"Ni hii tu."

Akavua kofia, akaitazama ile barabara ambayo Birika lilikuwa limepandia.

Safari hiyo ilinifundisha kwamba gari hupumua, na kwamba kabla ya kusema limezeeka ni vizuri kulitazama mdomoni. Nimewaeleza wengi, wengine wananiona msumbufu.

Jumatatu, siku iliyopangwa ya vyuma chakavu, Baba mdogo alifika nyumbani mapema. Nilitoka nje nikiwa tayari kugombana. Alikuwa amebeba wavu mpya chini ya kwapa, umekunjwa, bado una vumbi la River Road.

"Huo wako ni mwembamba," akasema, akapiga goti mbele ya Birika. "Hii gari ya brother yangu inataka kitu ya maana. Niletee koleo."