Timu ya Taifa ya Korongoni

Majuzi nilikuwa Moshi mjini, nyumbani kwa mtoto wa kaka yangu, nikisubiri chakula kiive. Nikamkuta ameinamia simu kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Nilipochungulia niliwaona vijana wetu wa timu ya taifa ya soka la ufukweni, pekupeku, wakikimbizana na vijana wa Afrika Magharibi juu ya mchanga mweupe. Tulikuwa tunafungwa. Nikamuuliza hii timu yetu imefika wapi, naye akanipa rekodi nzima bila kuinua macho: mashindano ya Afrika tumeshafuzu, huko tukakutana na wakubwa wakatushindilia magoli, Kombe la Dunia bado tunalitazama kwa mbali. "Lakini shangazi," akasema, "wewe mtu wa Rombo, mpira wa baharini utaujulia wapi?"

Nikamwambia niliwahi kuwa golikipa wa timu ya taifa. Akacheka mpaka simu ikamponyoka. Wewe usicheke kwanza, rafiki yangu. Nilichokiona kwenye simu ile ni mchezaji mmoja aliyeuchota mpira kwa vidole vya mguu, ukaruka mpaka usawa wa goti, ndipo akaupiga. Mtindo ule nilikuwa nimeuona zamani sana, kabla sijajua kwamba bahari ina ladha ya chumvi.

Kijiji chetu kiko juu kidogo ya Tarakea, upande ambao mlima unaitazama Kenya. Zilikuwa zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, kina baba wanakata mibuni huku wamenuna, na nyumba nyingi zilisimama kwa kile ambacho mama au bibi alikiuza sokoni. Siku ya soko, shule zikiwa zimefungwa, niliondoka na bibi alfajiri. Yeye alibeba mkungu wa ndizi kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Mimi nilibeba chane mbili na kiburu chetu cha mchana, ndizi zilizopondwa na maharage, kimefungwa kwenye jani na bado kina moto. Bibi alikuwa akinionya nisikifungue njiani, na mimi nilikuwa nikinusa tu, au hivyo ndivyo nilivyomwambia.

Soko lilianza kusikika kabla halijaonekana. Wanawake wa Kirombo walikuwa wakibishana kwa sauti ambayo mgeni angedhani wanapigana, kumbe wanasalimiana. Kulikuwa na harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ya ngozi mbichi, ya mandazi yanayokaangwa na mama mmoja aliyevuka kutoka ng'ambo ya mpaka na karai lake. Wakenya walileta sabuni za rangi na mafuta ya kupikia, vitu ambavyo miaka michache nyuma vilikuwa vikipitishwa kwa kujificha. Sasa vilipangwa juani, na watu walivishika na kuvigeuza hata kama hawakuwa na nia ya kununua.

Sisi watoto tulikuwa usumbufu mtupu. Tukizidi kuvuta khanga za watu tulifukuzwa: nendeni huko mkacheze. Na huko kulikuwa korongo nyuma ya soko, kavu sehemu kubwa ya mwaka, limejaa mchanga ulioletwa na maji ya mvua kutoka mlimani. Mpaka wa nchi ulipita humo au karibu na humo, hakuna mtoto aliyejua hasa ni wapi. Kwa kuwa tuliocheza nao walitoka Kenya, sisi hatukuwa na budi ila kuwa Tanzania. Ndivyo timu ya taifa ilivyoundwa, bila uchaguzi wala jezi, na mpira wa mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba za mgomba.

Nahodha wetu alikuwa binti wa muuza mitumba, msichana mwenye sauti ya kuita ng'ombe toka bonde la pili. Mimi niliwekwa golini kwa sababu nilikuwa nauliza maswali mno, na nahodha alisema golini nitakuwa mbali na masikio ya watu. Nahodha wa Kenya alikuwa mtoto wa yule mama wa mandazi, kijana mrefu mwembamba, anayecheka kabla hajafunga. Na alikuwa akifunga, ndugu yangu! Rekodi yetu ya kimataifa ilikuwa aibu tupu. Kila siku ya soko tulifungwa. Tulifungwa tukiwa tumeshiba, tukafungwa tukiwa na njaa.

Mimi jambo hilo lilininyima raha. Si kwamba nilichukia kufungwa sana kuliko wengine, ila nilitaka kujua kwa nini. Nyumbani, kwenye uwanja wa shule wenye udongo mgumu, tulikuwa wazuri. Kule korongoni ukiupiga mpira unasogea kidogo unalala, mguu unazama, unakimbia huku umesimama palepale. Lakini mchanga ulikuwa uleule kwa wote. Nikamuuliza mwalimu wetu, ambaye alisomea Tanga, watu wa pwani huchezaje mpira kule ufukweni. Akanitazama sana, akasema mchanga wa bahari ni wa kupumzikia. Nikamuuliza bibi kwa nini maji yamepeleka mchanga wote korongoni wala hayakuleta kwetu. Akasema, "Yangeuleta kwetu ungeniuliza kwa nini hayajaupeleka korongoni."

Basi nikajifunza kwa macho. Golini una nafasi ya kutazama, hasa ukiwa kwenye timu inayoshambuliwa muda wote. Nikaona kwamba yule kijana wa ng'ambo hakuwahi kuuburuza mpira chini hata mara moja. Aliuchota kwanza kwa vidole, ukaruka, akaupiga ukiwa hewani, na wenzake wakafanya vilevile. Wao walicheza juu ya mchanga, sisi tulikuwa tukicheza ndani yake. Siku niliyoelewa nilimweleza nahodha wetu, na kwa mara ya kwanza hakuniambia ninyamaze. Tulifanya mazoezi kwenye lundo la pumba za mahindi nyuma ya kwao, tukichota na kupiga mpaka kuku wakahama. Soko lililofuata ndilo lilikuwa la mwisho kabla shule hazijafunguliwa, na sisi tulitaka kitu kimoja tu maishani: kuwafunga Wakenya, hata mara moja.

Sasa hapo tulikuwa na tatizo jingine, la magoli yenyewe. Mawe yalizama mchangani. Fito zilibebwa na wapita njia wakaenda kupikia. Kila mara ugomvi ukawa mpira umeingia, haukuingia. Nahodha wetu akapata wazo ambalo mtoto wa Kichagga yeyote angelipata: tupande masale. Kama hukukulia mlimani, sale ni mmea wenye majani marefu, wanaoupanda wazee kuonyesha mwisho wa kihamba, yaani shamba la urithi la mtu. Mtu mwenye akili zake hang'oi sale lililopandwa na mwenzake, hata akichukia vipi, na hata aliyekukosea akija na jani la sale mkononi ni lazima umsikilize. Tukakata vishina kwenye ua wa bibi, tukavichomeka mchangani, viwili kila upande na vingine kwenye kona. Vilisimama vizuri mno, na hakuna aliyevigusa. Hatukufikiria kitu kingine zaidi ya mpira.

Ila watu wazima hawakuona uwanja. Wakati ule nyumba za matofali zilikuwa zikiota kote Rombo kama uyoga, na mchanga ukawa na wenyewe. Katikati ya wiki likaja lori kuchota mchanga wa korongoni. Utingo akaruka na koleo lake, akaona masale yamesimama kwa mstari, akarudi nyuma akamwambia dereva yeye hashuki tena. Habari ikafika kijijini kabla lori halijageuza. Mzee mwenye kihamba upande wa juu wa korongo alisema jirani yake wa chini amepanda masale ili aibe mchanga wa wote. Yule wa chini akasema aliyepanda ni huyohuyo wa juu, anajifanya kulalamika. Walikuwa na maneno yao ya zamani, sasa yakapata kuni. Ng'ambo nako mzee mmoja wa Kikenya akadai kwamba Tanzania imeanza kusogeza mpaka wa nchi. Mwenyekiti wa kijiji akapiga marufuku mtu yeyote kukanyaga humo mpaka aliyepanda ajulikane, na siku ya soko wote wakutane palepale.

Unaweza kufikiri hali yetu. Tukisema tutachapwa, na uwanja uende. Tukinyamaza uwanja umeshakwenda, na wazee wawili watashikana mashati kwa ajili ya magoli yetu. Siku ile ya soko watu walijaa ukingoni mwa korongo kama wamekuja msibani. Nahodha wetu, mwenye sauti kubwa kuliko zote, alikuwa akitafuna ukosi wa gauni lake. Bibi alisimama karibu nami akiyatazama yale masale, kisha akanitazama mimi, na nikajua kwamba ameyatambua majani yake.

Aliyetuokoa, au kutuangamiza, ni yule kijana mrefu wa ng'ambo. Kwao hapakuwa na masale, kwa hiyo hakujua kwamba anapaswa kuogopa. Alipenya katikati ya watu, mkononi ana andazi.

"Shikamooni wazee," akasema. "Kwani mnagombania nini? Hizo ni goli."

"Ni nini?" mwenyekiti akauliza.

"Goli. Zile za huko ni zetu, hizi za huku ni zao. Na hizo ndogo ni kona."

Yule mzee wa upande wa juu akakitazama kishina kilichokuwa mbele yake kana kwamba kimemtukana. "Kona?" akasema. "Mimi sijalala wiki nzima kwa ajili ya kona?" Mama mmoja muuza ndizi akaanza kucheka, akaketi chini kabisa, na kicheko kikapita ukingo hadi ukingo. Hata jirani wa chini alicheka, ingawa alijitahidi kuuficha mdomo.

Mwenyekiti hakucheka. Alisema waliopanda ndio watakaong'oa, sasa hivi, kwa maana hakuna mtu mwingine atakayeyagusa, na lori linasubiri. Tuliteremka tumeinamisha vichwa. Fimbo sikuiwaza. Nilikuwa nimeshajua jinsi ya kuwafunga, na nilikuwa nakwenda kung'oa goli kwa mikono yangu.

Ndipo bibi akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya ndizi: "Mwenyekiti, watang'oa. Lakini sale hupandwa kwa jambo, na jambo hilo limalizwe kwanza. Wacha wacheze."

Mwenyekiti alimtazama mzee wa juu, mzee wa juu akamtazama wa chini. "Si wacheze," akasema wa chini. "Na sisi tuone tulichokosea usingizi."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na sijapata kuona umati kama ule. Wanawake waliacha meza zao. Dereva alizima lori akapanda juu ya bodi. Wale wazee wawili walisimama bega kwa bega wakimfokea mwamuzi, na mwamuzi mwenyewe hakuwepo. Mpira wa kwanza nahodha wetu aliuchota kama tulivyofanya kwenye pumba, ukaruka, akaupiga ukapita katikati ya masale. Kijana mrefu aliacha kucheka. Akatujia kama mvua ya masika. Nilijirusha kushoto, nikajirusha kulia, mchanga ukajaa mdomoni na masikioni, na kila nilipoamka nilimsikia bibi akiita jina langu lote, lile la ubatizo. Tulikuwa tunaongoza. Tanzania ilikuwa inaongoza!

Dereva akapiga honi. Jua lilikuwa limeanza kushuka na yeye alikuwa na safari. Mwenyekiti akapiga makofi akasema basi, imetosha. Sisi tukarukaruka, nahodha wetu akanibeba mgongoni. Yule kijana alisimama katikati, mpira mkononi, akasema, "Bado. Haijaisha." Tukamzomea. Akarudia tena, taratibu, akimtazama mwenyekiti, kisha mimi: "Haijaisha." Lakini tulikuwa tumeshaanza kung'oa masale, na lori lilikuwa linateremka kinyumenyume.

Shule zikafunguliwa. Niliporudi sokoni likizo iliyofuata, korongo lilikuwa limebaki miamba na madimbwi, na yule mama wa mandazi alikuwa hafiki tena. Nikaambiwa amehamia Loitokitok, wengine wakasema mbali zaidi. Leo pale mpakani kuna geti na maafisa wenye sare, na mtoto havuki kwenda kucheza bila mtu kumuuliza anakwenda wapi. Bibi amelala kihambani, chini ya migomba yake. Nahodha wetu ana wajukuu.

Kwa miaka mingi nilimwambia kila aliyekubali kunisikiliza kwamba tuliwafunga Wakenya. Nilibishana kwenye harusi na kwenye mikutano ya ukoo. Siku hizi sina uhakika. Nikiitazama vizuri naona wale walikuwa wanakuja, na mimi nilikuwa nimechoka, na nusu saa moja zaidi ingesema mengine. Ninavyotamani kujua! Yule kijana angetokea leo na mvi zake, akaniambia haijaisha, ningemjibu kweli haijaisha, nikavua viatu. Ila sijui tungesimama wapi.