Mzimu Aliyemwamkia Shangazi

Mwaka tuliotengeneza filamu ya kutisha kule Bukiriro, kazi yangu ilikuwa kuandika hadithi. Mwongozaji alikuwa mpiga picha za harusi kutoka Nyamahanga, mtu mwenye kamera moja na imani kubwa. Aliniambia filamu ya kutisha haihitaji akili nyingi, inahitaji watu wanaojulikana: mlevi anayekufa kwanza, msomi anayecheka habari za mizimu, binti anayesikia kishindo akaenda kuangalia peke yake, mchungaji anayefika mwisho na Biblia. Na bibi mchawi mwenye macho mekundu. Bila bibi, alisema, watu watadai kiingilio chao.

Mlevi tulimpata bila kutafuta. Wengine walijileta. Bibi ndiye aliyekosekana, mpaka mwongozaji alipomwona shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akitoka jikoni anapangusa machozi ya moshi.

"Huyo huyo," akasema. "Hata rangi hahitaji."

Nikatumwa mimi kumwomba. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya ndizi.

"Macho yangu ni ya kuni mbichi," akasema. "Unataka nizunguke kwenye simu za watu nikiwa mchawi? Kuna wanawake wamekatwa mapanga kwa macho kama haya, na wala hawakuigiza."

Nilirudi nikamwambia mwongozaji kwamba bibi amefutwa. Alinuna, kisha akampa shangazi nafasi ya mama anayemtafuta mwanawe: anaingia kwenye nyumba iliyohamwa, mzimu unamkaba, anakufa. Hiyo aliikubali. Kufa si aibu, alisema.

Tulirekodi asubuhi, kwenye nyumba ya jirani aliyehamia Biharamulo. Madirisha tuliyaziba kwa maturubai ili pawe giza. Mzimu alikuwa fundi pikipiki wa Keza, kapakwa unga wa muhogo hadi masikioni. Shangazi aliambiwa asukume mlango, aingie kimya.

Akasimama nje. "Hodi!"

"Simama hapo," mwongozaji akasema. "Mama, usipige hodi. Wewe unaogopa."

"Ndiyo maana napiga hodi. Nyumba si yangu."

Tukarudia. Akapiga hodi tena, na kutoka gizani mzimu akaitikia kwa mazoea, kwa lafudhi ya kwao: "Kalibu!" Shangazi akaingia. Hapo mzimu alitakiwa amrukie shingoni. Alipoona ni mtu mzima, mikono aliyokuwa ameinyoosha ikashuka, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unga wote huu?"

Nilikuwa nyuma ya turubai, nimejiziba mdomo. Mwongozaji hakucheka. Alirudia mpaka betri ikakaribia kuisha, na kila mara fundi alimwamkia. Mwishowe fundi akasema hawezi kumkaba mtu ambaye ameshamwitikia marahaba. Ikabidi afe mchungaji.

Filamu ilionyeshwa mchana, siku ya gulio, kwenye kibanda cha video huko Nyamahanga. Nilikwenda na shangazi. Mlevi alipokufa, watu waliendelea kula karanga. Kifo cha mchungaji kiliwaudhi. Mmoja alisimama akauliza sasa mzimu atafukuzwa na nani. Shangazi alipopiga hodi, kibanda kizima kiliitikia karibu. Mwongozaji akainamisha kichwa. Hapo ndipo alipokuwa amepanga watu wapige mayowe.

Tulipotoka tulimkuta mama mmoja mzee kasimama mlangoni. Kwa lafudhi yake nilijua ni wa familia zilizohamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya shangazi.

"Nilisikia kuna filamu ya uchawi," akamwambia shangazi. "Nikaja kuangalia kama mmetuweka."

"Hatumo," shangazi akasema.

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akauliza kama tunajua wanapouza chumvi ya mawe. Shangazi hakujua, lakini alikwenda naye kuitafuta. Mimi nikabaki na mwongozaji, ambaye alitaka kujua kama naweza kuandika kichekesho.