Nilivyochomoka na Mawe ya Mama Mkwe

Nyamwaga nzima wanaijua hii habari na kila mtu ana namna yake ya kuisimulia, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe niliyeshika usukani siku ile, halafu mcheke mpaka mchoke, nimeshazoea. Hata leo nikipita pale na Subaru yangu lazima mtu apige kelele, "Mura, umefunga buti?" (Mura kwetu ndiyo kijana.)

Ila kwanza tuelewane kitu kimoja: kuendesha najua. Sijisifu (haya, najisifu kidogo). Kipindi kile dhahabu ilikuwa imechangamka, kijana akipata duara, yaani shimo la dhahabu, linaloeleweka kule Kewanja ananunua gari kabla hajanunua kitanda, na mimi nikanunua Subaru ya gia za mkono, ile inayovuta kwa matairi yote manne, usiku nikawa nalala kwenye godoro chini huku gari liko nje linang'aa. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakutana kwenye kipande cha barabara kilichonyooka nje ya Nyamwaga, bodaboda wanafunga njia huku na huku, magari mawili yanasimama sambamba, kitambaa kikishuka ni mbio mpaka kwenye jiwe lililopakwa chokaa.

Mwanzoni nilikuwa napigwa vibaya sana. Ugonjwa wangu ulikuwa kuchomoka: nikiachia klachi gari linashtuka, linashusha pumzi kama limekumbuka msiba, linazima, na mwenzangu ameshapotelea kwenye vumbi. Aliyeninyoosha ni fundi Hamisi wa Tarime mjini, mtu wa Tanga, mwenye maneno mengi kuliko spana. "Chacha, wewe gari unalichapa kama ng'ombe wa jembe," akaniambia. "Toa upepo kidogo kwenye matairi, kanyaga mafuta mpaka mshale wa injini upande juu ya nne, halafu klachi uiachie kwa adabu, isitoke ghafla wala isichelewe. Na uzito toa, hata tairi ya akiba toa. Gari lako si pikapu." Nikafanya mazoezi kila alfajiri mpaka ng'ombe wa Nyamwaga wakaacha kunishangaa, na baada ya hapo, jamani, hakuna aliyeniona uso, ni mgongo tu.

Sasa nilikuwa nimechumbia. Mchumba wangu Ghati ana kaka yake, Mang'era, wakala wa mizigo pale mpakani Sirari, ana Subaru yake na Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka, na huyo shemeji akaapa kwamba siku ya harusi dada yake atatoka nyumbani kwenye gari la kaka yake.

"Wacha nikuambie, boss," akasema, "dada yangu hawezi toka kwetu na gari ya mtu mwingine."

"Mtu mwingine nani? Mimi ndiye bwana harusi!"

Tukabishana wiki nzima, mwisho tukakubaliana tumalizie barabarani: atakayeshinda Jumapili ndiye atakayembeba Ghati. Ghati alisema sisi wote wawili hatuna akili. Lakini nilimwona akitabasamu, na mimi nilitaka kumbeba yule mtoto kwa gari langu, watu waone, kuliko nilivyowahi kutaka dhahabu yoyote.

Basi Jumapili yenyewe asubuhi mama yake Ghati akamtuma binti yake aniambie nimpelekee magunia yake ya mawe ya dhahabu kwenye karasha, yakasagwe. Mama huyu alikuwa anauza uji kule kwenye maduara, akapata mawe kidogo kidogo, na mawe yale ndiyo yalikuwa mchele na nyama ya harusi yetu. Na kwetu mkwe hakataliwi. Mkwe hata mkono humpi, humsogelei, ukiwa na neno unapitisha kwa mtu. Nikapakia. Magunia yakajaa mpaka buti likakataa kufunga, nikalifunga kwa kipande cha tyubu, nikaondoka. Kufika kwenye karasha, mwenyewe yuko kanisani.

Ndipo nilipofanya uamuzi mdogo tu, wa mtu mwenye haraka. Kuyashusha mawe kando ya barabara miaka ile ilikuwa sawa na kuanika nyama mbele ya mbwa, kwa hiyo nikasema yakae humohumo, nikashindane nayo, tena uzito utashikilia nyuma vizuri (Hamisi alikuwa amenikataza, lakini Hamisi alikuwa Tarime).

Watu siku ile walijaa pande zote mbili, kwaya nzima imekuja na sare zake, na kwa mbali namwona mama mkwe na mwavuli wake, amegeuza uso kiheshima. Mang'era akanikonyeza. Mshale ukapanda juu ya nne, nikatulia, kitambaa kikashuka, klachi nikaiachia kwa adabu, na naomba niseme ukweli wangu: sijawahi kuchomoka vile tena. Matairi yote manne yaliuma ardhi kwa pamoja, kichwa kikagonga kiti, Mang'era akabaki palepale kama amesahau funguo nyumbani.

Nyuma nikasikia pwaa! Nikadhani makofi. Nikatazama kioo nikaona umati unaingia barabarani, nikadhani wananikimbilia kwa furaha, na gari likazidi kuwa jepesi, nikasema leo limekubali. Nikalipita jiwe la chokaa. Hakuna mtu. Hata mwamuzi hayupo! Nikageuza nikarudi polepole, honi inalia, mkono wangu wa kulia uko nje dirishani, ngumi juu.

Jamani. Tyubu ilikuwa imekatika palepale nilipochomoka. Magunia yamepasuka barabarani, watu wamepiga magoti, wanakwaya wanajaza mawe kwenye vilemba, mwamuzi kavua shati amelifanya mfuko. Na Mang'era? Gari lake limesimama katikati ya njia, mlango wazi, na yeye na shati lake jeupe amelala juu ya gunia moja, kalikumbatia, anafoka, "Hii ni ya mama! Hii hamchukui!"

Nikashuka. Mama mkwe alikuwa amefika, amesimama karibu kabisa, uso kaugeuzia kwa binti yake.

"Ghati, mwambie huyo mwenzio ashushe mkono."

"Mama anasema ushushe mkono."

(Nilikuwa nimesikia.) Nikaushusha. "Mwambie mama shikamoo."

"Mwambie shikamoo yake aiweke kwenye gunia."

Na mimi, sijui ni nani alinituma, nikasema, "Mwambie mama nimeshinda."

Hata waliokuwa wanaokota wakaacha kidogo. Mama akafunga mwavuli wake. "Muulize, muda wote huo aliokuwa anajifunza kuondoka, kusimama alifundishwa na nani?" Hilo Ghati hakunipitishia, na mimi niliona aibu. Kisha mama akamaliza: "Binti yangu si gunia. Atapanda gari la aliyesimama."

Jioni nilipita nyumba kwa nyumba kuomba mawe. Watu wakarimu kweli, kila mtu alinipa mawe, tena mengi, ya uani kwake. Mwenye karasha alipoyaona akaniuliza kama najenga msingi wa nyumba. Gunia alilolilalia Mang'era ndilo lililolisha wageni wetu.

Harusi ilifanyika, tena ilipendeza. Ghati alitoka kwao kwenye gari la kaka yake, mbele kabisa, na mimi bwana harusi nikafuata mwisho, nyuma ya pikapu ya matarumbeta, nakula vumbi na suti yangu, buti limejaa masufuria ya mama mkwe. Kuchomoka hanishindi mtu mpaka leo, hilo liandikeni. Lakini niliapa siku ile kwamba sitaondoka tena mahali popote bila kushuka, kuzunguka nyuma na kugonga buti kwa mkono wangu, hata watu wacheke vipi. Tulipofika kwenye mteremko Ghati akageuka na shela lake, akanitafuta kwenye vumbi lote lile mpaka akaniona, akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya gari langu. Nikamwonyesha dole gumba: nimefunga.