Ufunguo Ulitoka Wapi

Mimi ni kinyozi, na kinyozi wa Keroka hana haja ya kununua gazeti. Sinema yoyote ikionyeshwa katika ukumbi wa jirani yangu Eucabeth, hukumu yake hutolewa kwenye kiti changu. Mtu akishafungwa kitambaa shingoni, hukupa maoni yake yote, hata yale hukumwomba. Mengi ni ya kijinga, lakini mimi huyasikiliza, maana hicho ndicho chakula cha kinyozi.

Eucabeth Apiyo si mtu wa huku. Kwao ni Kendu Bay, ziwani kabisa, na alifika Keroka na shangazi yake kuuza omena, wale dagaa wadogo. Omena haikumkaa moyoni. Tangu utotoni alikuwa amezoea kumtafsiria nyanya yake sinema za Kiingereza kwenye televisheni ya jirani, na nyanya mwenyewe hakuwa mtu wa subira. Akiona mtu analia kwenye kioo, alitaka kujua papo hapo analilia nini na ni nani alimwambia aende huko. Ndivyo Eucabeth alivyojifunza kutafsiri mbio mbio bila kukwama. Leo ana ukumbi wake wa mabati nyuma ya stendi ya malori, mabenchi ya mbao, televisheni pana kama mlango, na yeye mwenyewe husimama kando ameshika maikrofoni, akitia kila neno katika Kiswahili na kulikoleza kwa Ekegusii anachokitamka kama Mjaluo aliyeumwa na jino. Watu hucheka, na yeye hucheka kuwashinda.

Majina ya Kizungu hana muda nayo. Yule jasusi wa mfululizo ule mrefu, aliyefika sinema ya nane sasa bila kuota mvi, hapa kwetu anaitwa Dancun. Mkubwa wake anaitwa Chifu. Ukimwita kwa jina lake la kweli katika ukumbi ule, watu watakuuliza huyo ni nani.

Sasa, kuna jambo la leso. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile haya ya heshima iliyopo kati ya mzazi na mtoto, na zaidi ya wote kati ya mtu na wakwe zake. Kuna mambo hamyaangalii pamoja wala hamyataji mkiwa pamoja. Eucabeth hakuyajua alipoanza. Siku za mwanzo Dancun alimbusu msichana mmoja mbele ya watu, na kumbe ukumbini alikuwamo mzee mmoja na mume wa binti yake, kila mmoja hajui mwenzake yupo. Waliruka wote wawili, wakakimbilia mlango ule mmoja mwembamba, wakakwama mlangoni bega kwa bega. Hapo ndipo Eucabeth alipoenda kununua leso iliyoandikwa Wema Hauozi. Tangu siku hiyo, nyuso mbili zikianza kukaribiana, leso hupanda mbele ya kioo, naye hutangaza kwa sauti ya upole kwamba hawa watu sasa wanaulizana habari za nyumbani. Busu likiwa refu, huongeza kwamba nyumbani kwao kuna mambo mengi.

Vijana walinung'unika wakazoea. Ila leso ina kasoro moja: haifiki kona. Ukikaa mwisho wa benchi la mbele, upande wa ukutani, unaona kila kitu. Benchi hilo hujaa mapema, na mimi hufunga duka mapema nisilikose.

Basi Mathew Onyiego, dereva wa lori la majani chai kutoka Gesima, akampenda Eucabeth, na Eucabeth akampenda. Tulifurahi sote isipokuwa mmoja, naye ni Obadiah, baba yake Mathew, mzee wa kanisa na rika langu mimi. Obadiah hakuwa na neno na Wajaluo. Neno lake lilikuwa kwamba mwanamke anayesimama mbele ya wanaume kila wiki akiwaonyesha Wazungu wanaovuliana nguo, huyo chinsoni ataitoa wapi? Atakujaje kuishi bomani kwake? Mathew naye alishasema hataoa bila baraka ya baba. Kila kitu kikasimama hapo.

Mwishowe Obadiah akaamua kuja kujionea. Alikuja Jumapili, maana Sabato yake huimaliza Jumamosi, na alivaa koti lake la kanisani. Eucabeth alimkimbilia mlangoni na kumpa mkono. Obadiah akaushika, akautikisa vizuri kama mtu anayesalimia karani wa ofisini. Eucabeth alinigeukia akitabasamu hadi masikioni. Nyuma yake Mathew alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nilijua kwa nini. Kwetu, baba hamshiki mkono mke wa mwanawe. Akikushika mkono, amekuambia wewe ni mpita njia.

Siku hiyo ndiyo sinema ya nane ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Sitaisimulia yote. Dancun alikimbizana na lori juu ya daraja, akaanguka kutoka kwenye treni, akakutana na mwanamke wa gauni jekundu anayefanya kazi kwa adui. Huyo mwanamke na Dancun wakaulizana habari za nyumbani kwa muda mrefu sana, leso ikiwa juu. Halafu mwanamke akawaita walinzi, Dancun akatiwa pingu, akafungiwa ndani ya kontena la chuma na kutumbukizwa baharini. Maji yakampanda hadi kidevuni. Ndipo Dancun akaingiza vidole mfukoni mwa koti, akatoa ufunguo mdogo, akajifungua pingu na mlango, akaibuka.

Mabishano ya sinema ile yalianza kabla taa hazijawashwa. Osewe, anayepeleka ndizi Nairobi, alisema lori la uzito ule haliwezi kuruka daraja likatua bila springi kulia, kwa hiyo sinema nzima haina maana kwake. Mama Damaris wa mboga alisema kinachomuudhi si lori. Sinema nane, na mtoto wa watu hajaoa wala kujenga hata kijumba, siku akifa watamzika wapi? Mwalimu mmoja akasema zile za mwanzo zilikuwa bora, wakati Dancun alikuwa anatumia kichwa, siku hizi ni miguu tu. Vijana wakamwambia mwalimu, hii ni moto kuliko zote, wewe umezeeka. Mimi nilitaka kujua jambo moja: mtu ametoka kwenye treni, moto na maji ya chumvi, na mstari wa nywele zake bado umenyooka. Nionyesheni kinyozi wake nikamwamkie.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa ufunguo. Walioketi katikati walisema ni uongo mtupu, mtengenezaji wa sinema amechoka. Sisi wa kona tulisema hapana, imepangwa kwa akili sana. Tukiulizwa kivipi, tulikohoa. Kila mmoja wetu alikuwa ameona mkono wa yule mwanamke ukishuka polepole wakati wa habari za nyumbani na kuutumbukiza ufunguo mfukoni mwa Dancun. Sasa utasemaje hilo mbele ya watu? Ungekuwa umekiri ulikuwa unachungulia.

Obadiah akainuka. Ni mtu asiyeweza kulala na hesabu isiyotoka, tangu shule ya msingi yuko hivyo.

"Mtu amefungwa pingu," akasema. "Ufunguo umetoka wapi? Umemea mfukoni?" Kisha akamgeukia Eucabeth. "Wewe binti ndiye unatafsiri. Niambie, ufunguo ulitoka wapi?"

Benchi letu zima lilitazama viatu. Eucabeth alikuwa amekunja leso kifuani, na nilimwona akimtupia Mathew jicho, kisha akaangalia chini. Sinema zake anazipenda kama mtu anavyopenda watoto wake, na neno moja tu lingeiokoa hii.

"Mzee," akasema, "hiyo mimi siwezi kukuambia."

Obadiah alichukua kofia yake. Alimwambia Mathew, kwa sauti ya kusikika, kwamba sinema ni ya kijinga na mwenye sinema hajui hata anachokionyesha. Akapanda gari la kurudi Gesima. Jioni hiyo Mathew alimweleza Eucabeth maana ya ule mkono aliopewa, na Eucabeth akalia hadharani, pale pale nje ya ukumbi. Niliwahurumia wote wawili na nikamkasirikia Obadiah, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana na mimi nilikuwa kwenye benchi la viatu.

Siku ya soko, asubuhi, Obadiah akaja kunyolewa ndevu. Alikaa kitini, akafumba macho, nikampaka povu. Nilipomaliza shavu la kulia akafumbua.

"Geoffrey, ule ufunguo."

Nilijua tu. Nikamwambia asitikise kichwa. Nikamwambia pia kwamba ufunguo aliuweka yule mwanamke wa gauni jekundu, kwa mkono wake mwenyewe.

"Lini? Mimi sikulala hata kidogo."

"Leso ilipokuwa juu."

Kisha akaniuliza nyuma ya leso kulikuwa na nini kingine. Sisi ni rika, tulitahiriwa msimu mmoja, kati yetu hakuna haya, kwa hiyo nilimweleza kinagaubaga. Akasema mimi ni mwongo tangu darasa la pili na kwamba lazima ajionee. Akasimama na shavu moja likiwa limenyolewa, jingine lina povu, akatoka mlangoni kwangu na kitambaa changu shingoni.

Eucabeth alikuwa ukumbini peke yake akichambua maharagwe. Alipomwona mzee katika hali ile nadhani aliogopa kwamba nimemkata. Obadiah alimwomba, kwa adabu zaidi kuliko Jumapili, amwonyeshe tena sinema yote, ila leso aiweke kando. Mimi nilikaa naye benchi la kona. Eucabeth aliwasha, akaingoja ianze, kisha akachukua maikrofoni, waya, leso yake na bakuli la maharagwe, akatoka nje. Akafunga mlango.

Nilidhani amekataa kutafsiri. Kumbe la. Alikaa kwenye jiwe upande wa pili wa mabati, na sauti yake ikaanza kutujia kutoka kwenye spika, ikisikika pia kupitia ukutani, akifuata maneno ya Kiingereza kwa masikio bila kuona lolote. Hakuruka hata sentensi. Tulimsikia Dancun akiomba ruhusa kwa Chifu, tukasikia na maharagwe yakianguka bakulini. Wapita njia walisimama kumshangaa mwanamke anayeutangazia ukuta.

Mwanamke wa gauni jekundu akatokea. Nje, Eucabeth akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Hapa sasa wanaulizana habari za nyumbani." Ndani, Obadiah akasogea mbele, macho kiooni, na ule mkono ukashuka, na ufunguo ukazama mfukoni.

"Kumbe!" akasema Obadiah. Akanipiga paja. Alicheka hadi benchi likalia, povu likamtoka shavuni likaangukia koti langu. Mbele ya kontena hakuogopa hata kidogo. Alikuwa akimwambia Dancun aangalie mfukoni.

Sinema ilipoisha akabaki ameketi. Hesabu moja ilikuwa imetoka, nyingine imebaki.

"Huyu msichana alijua," akasema. "Jumapili alijua. Kwa nini hakuniambia? Alikubali nimwite mjinga mbele ya watu."

"Angekuambiaje?" nikamwuliza. "Wewe ni nani kwake?"

Alitazama mlango uliofungwa. Mimi kinyozi angeniambia. Mwalimu angeambiwa, Osewe angeambiwa. Kuna mtu mmoja tu katika ukumbi ule ambaye Eucabeth asingeweza kumwambia jambo lile, na asingeweza hata kukaa naye chumba kimoja likionyeshwa. Obadiah alilifikiria hilo polepole, akijipangusa uso kwa kitambaa changu, na nikaona macho yake yamelowa, na nikajifanya nazima televisheni.

Tulitoka. Eucabeth alisimama, maharagwe machache yakamdondoka, na kwa mazoea ya kwao akanyoosha mkono kumuaga mgeni. Mkono ulipofika katikati akakumbuka, lakini ulikuwa umeshaenda.

Obadiah alirudi hatua nyuma. Akaweka mikono yake yote miwili mgongoni, akainamisha kichwa.

"Bwakire, mwanangu," akamsalimu kwa Ekegusii kutoka kule alikokuwa. "Mwambie Mathew aje nyumbani leo. Tupange safari ya Kendu Bay."

Eucabeth alibaki na mkono wake mtupu hewani, kisha akaurudisha na kujifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Sikumwuliza kama analia au anacheka. Obadiah akaondoka kupitia katikati ya soko, nusu ndevu, kichwa juu, akiwaamkia hata watu asiowajua. Nilimkumbusha lile shavu jingine alipokuwa ameshafika stendi.

Tulienda Kendu Bay wakati wa likizo, na ng'ombe walikubaliwa bila kelele nyingi. Baada ya samaki, mjomba wake Eucabeth, Mzee Owino, akasema ameiona sinema ya nane ya yule jasusi kwenye simu ya mtoto wake, akasinzia katikati, na hajaipenda. Obadiah akaitetea vikali. Alisema haijapata kutengenezwa nzuri kama ile, na atakayebisha abishane naye.

"Haya," akasema Mzee Owino. "Basi niambie, ufunguo ulitoka wapi?"

Obadiah akamtazama mwanawe upande huu. Akamtazama Eucabeth upande ule, amesimama mbali, ameshika sinia la ugali, akimngoja. Akajikuna kidevu.

"Hiyo," akasema, "mimi siwezi kukuambia."