Kamba Iliyooshwa na Mama Mkwe

Kazi yangu ni chafu, na wanaoisifu ni wale ambao hawajawahi kuifanya. Wanasimama chini wamekunja mikono, wanasema, "Huyu jamaa ako juu kama ndege!" Ndege gani, bana? Ndege ananuka oil chafu mpaka kwenye kope? Mimi ni mkata miti. Sikati msitu. Nakata ile miti ambayo imeshindwa kukaa na watu: mkaratusi ulioinamia nyumba ya kupangisha, tawi la mparachichi lililolalia nyaya za stima. Napanda, nafunga, nakata kipande, kinashushwa kwa kamba, nakata kingine. Nimeifanya Kitale na Bungoma miaka mingi na uchafu wake haujanizoea wala mimi sijauzoea.

Msumeno wenyewe, ule wa petroli tunaouita pawa, unalainishwa mnyororo kwa oil chafu ya gereji, na oil yote inayoingia inatoka ikiwa imeelekezwa kwa uso wako. Juu yake linakuja vumbi la mbao, linaganda kwa jasho, unafanana na mandazi yaliyoangukia mchanga. Halafu kuna mavi ya ndege. Halafu kuna binadamu, ambao ndio wabaya zaidi. Mti wa mjini ukiupasua unakuta misumari ya mabango ya waganga, misumari ya wagombea viti, waya wa kuanikia nguo uliomezwa na gome. Siku moja nilikuta bawaba ya mlango. Bawaba! Mlango ulikuwa wa kuingia wapi? Mnyororo wa pawa ukigonga chuma unaruka, na kitu kilicho karibu ni shingo yako.

Katika gunia langu lote kilikuwepo kitu kimoja tu safi, nacho ni kamba ya mtu. Nina kamba mbili. Moja ni ya gogo, nzee, imechakaa, ina rangi ya matope, kazi yake ni kushusha vipande. Nyingine ni ya nailoni, nene, ndiyo inayofungwa kwenye mshipi wangu kiunoni. Hiyo haibebi gogo, haifungi ng'ombe, haianikiwi blanketi. Ikiwa nzima, narudi kwangu Matisi, hapo Kitale, kula ugali. Ikiwa na kasoro, mnaniokota. Siku hizi ninayotumia inalala chini ya kitanda changu na mke wangu anajua asiiguse, lakini wakati huo nilikuwa bado na imani na watu.

Tulikuwa na kazi Cheptais, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu. Yeye ndiye hukaa chini na kushikilia kamba ya gogo. Tulipomaliza Jumamosi, mvua ilikuwa inanyesha vibaya, nikamwambia ashuke na gunia mpaka kwao, karibu na Chwele, mimi nitangulie Kitale, tukutane Jumanne kwenye kazi ya Matisi. Kwao ni kwa mama mkwe wangu. Mimi hapo silali.

Na hapa lazima niseme jinsi tunavyoishi, kwa sababu bila hilo utaona sisi ni wajinga tu. Mimi na mama mkwe hatujawahi kushikana mkono. Akiniona njiani anaingia kwenye mahindi ya watu mpaka nipite. Salamu zake zinapita kwa mke wangu, na zangu zinarudi hivyo hivyo. Kula mbele yake siwezi. Kuna maneno ambayo hayawezi kukaa karibu na jina lake na jina langu, na neno la kwanza kabisa ni choo.

Sasa Jumapili hiyo, mimi nikiwa kanisani sijui lolote, ng'ombe wake, mtamba mwenye mimba, alikanyaga sakafu ya choo cha zamani nyuma ya nyumba. Magogo yalikuwa yameoza. Akaingia mzima mzima. Majirani wakaja, wakaleta kamba ya katani, ikakatika. Shemeji akakimbia kwa gunia langu akatoka na kamba ya gogo. Mama akaiangalia akasema, "Hiyo nzee itakatika pia. Lete ile nzuri." Ungekuwa wewe ungemwambia nini mama yako na mtamba analia shimoni? Akaleta ile nzuri. Ikapitishwa chini ya tumbo la mtamba, ndani ya hayo mambo ya miaka kumi, wanaume sita wakavuta, akatoka mzima. Nasikia alizaa salama, sina ubaya na yeye.

Ubaya ulikuja baadaye, na ulikuja kwa heshima. Mama mkwe alisema kamba haiwezi kurudi kwa mkwe ikiwa na harufu hiyo. Aibu gani! Akaifua kwa sabuni, harufu ikabaki. Akaifua tena, ikabaki. Ndipo akamtuma mtu dukani alete ile asidi ya kuoshea choo, ile inayochemka ikigusa saruji, akamimina kwenye beseni, akailoweka kamba yangu usiku kucha. Jumatatu akaisuuza, akaianika, akaikunja vizuri na kuifunga kwa kitambaa. Asidi hiyo inakula nailoni kama mchwa anavyokula mlango: nje unaona rangi, ndani hakuna kitu. Mama hakujua hilo. Shemeji hakujua. Mimi ningejua, lakini kuna nani wa kuniambia? Kuniambia kungekuwa ni kutaja mama mkwe, choo na mkwe kwa pumzi moja.

Jumanne asubuhi, Matisi. Mkaratusi mrefu umeegemea vyumba vya kupangisha, na mwenye nyumba, mama mmoja mwenye maneno, amesimama kwenye mboga zake za sukuma wiki anatuelekeza kazi. Nikafungua gunia. Kamba inang'aa! Nyeupe kuliko ilivyotoka dukani, imekunjwa kama shuka ya wageni.

"Hii imeoshwa?" nikamuuliza shemeji.

"Imeoshwa."

"Na nani?"

"Imeoshwa tu."

Nikaifunga kwenye mshipi. Fundo linakaa hapa kwenye tumbo, ukiinamisha kichwa liko puani. Jua lilikuwa limeshaanza kuwaka. Kwanza nikapata harufu ya maua ya sabuni. Halafu kitu kikali kikaniuma ndani ya pua mpaka machozi. Halafu chini ya hayo yote, kamba ikipata joto, ikaja harufu yenyewe, tamu, nzito, ya choo. Ai! Niliitapika chai yote kwenye viatu vyangu. Mwenye nyumba akasema nisitapike kwa sukuma.

"Kwa nini inanuka choo?" nikafoka.

Shemeji akaangalia bodaboda iliyokuwa inapita barabarani. "Si ni mvua iliinyeshea," akasema.

"Mvua ya wapi inanuka hivi? Ulilala nayo wapi?"

Nilikasirika, nikamtukana kidogo, Mungu anisamehe, nikamwambia yeye ni mchafu na hafai kuachiwa hata ndoo. Alivumilia. Nikaivua ile kamba kwenye mshipi kwa vidole viwili. Sikuwa na wazo lolote la asidi. Sikuikagua. Nilichokuwa nacho ni kinyaa tu, kinyaa kitupu, nikakataa katakata kushinda siku nzima na kitu hicho chini ya pua. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nianze kazi: nikachukua ile nzee ya gogo nikajifunga mimi, na ile nyeupe nikasema leo ishushe vipande.

Nikapanda. Nikasafisha matawi, nikafika karibu na kilele, nikafunga kipande cha kwanza cha shina kwa ile kamba nyeupe. Kilikuwa kizito kama mimi hivi, labda kunizidi kidogo. Kawaida shemeji husimama karibu kabisa na shina, kamba ameizungusha kwenye shina mara mbili, anaiachia polepole. Siku hiyo alisimama mbali, amenyoosha mikono, ameishika kamba kama mtu anayeshika panya kwa mkia. Kumbe yeye pia ilikuwa inamtia kichefuchefu. Nikamfokea asogee. Akajifanya hasikii.

Nikakata. Kipande kikaegemea, kikaachia, kamba ikakaza, na ikakatika. Haikulia, haikuvutika kwanza kama kamba nzima inavyofanya. Ilikatika kama uzi wa buibui. Gogo likashuka likajizika wima kwenye udongo, pale pale miguu ya shemeji inapokaa kila siku. Yeye akaanguka chali na kipande cha kamba mikononi. Mwenye nyumba akapiga kelele kwamba sukuma zake zimeharibiwa. Hakuuliza mtu, aliuliza sukuma.

Nilishuka. Nikachukua ncha iliyokatika, nikaisugua kwa kidole gumba, ikawa unga. Hiyo ndiyo ingekuwa kiunoni mwangu. Nikakaa chini kwenye majani.

Shemeji akaja akakaa karibu nami. Akasema, "Ni mama." Halafu akanieleza yote ameangalia upande mwingine, choo akikiita kule nyuma, na mavi akiyaita zile vitu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilitaka kumpiga, nikakumbuka nilivyomtukana asubuhi, na kwamba tulikuwa hai wote wawili kwa sababu kamba inanuka. Nilichukia heshima yetu siku hiyo. Nasema wazi, iliniudhi kuliko ile harufu, na ningempata mtu wa kumwambia ningemwambia.

Jioni tulikuwa kwangu tunakula, yeye na mimi. Simu ya mke wangu ikalia. Alikuwa mama yake. Wakaongea mambo ya mtamba, wakaongea mahindi, halafu mke wangu akafunika simu kwa kiganja.

"Mama anakusalimia. Anauliza kama kamba ilikufikia ikiwa safi."

Shemeji akaacha kutafuna. Mke wangu hakuwa anajua kitu, alikuwa anatabasamu. Nikamfikiria yule mama ameinama juu ya beseni usiku, mikono inamwasha kwa asidi, anasugua ili mimi nisinuse aibu yake. Nikatafuta namna ya kusema. Kila namna ilikuwa na choo ndani yake, na mwana wake chini ya gogo.

"Mwambie ilifika safi sana," nikasema.

Akamwambia. Akasikiliza, akacheka kidogo, akanigeukia tena.

"Amefurahi. Anasema ikichafuka tena usihangaike, umpe kaka ailete, ataiosha mwenyewe."

Nikamwambia amwambie mama asante.