Nondo Ndani ya Kibuyu

Miaka ya tisini, kwetu karibu na Litein, nondo jike, yule kipepeo wa usiku, aliibuka kutoka kwenye kifukofuko ndani ya kikapu changu cha kuchumia chai. Kufika jioni madume walikuwa wamejaa mlangoni, wakifuata harufu yake. Kwa ukaidi wangu nikaamua kumchagulia mume. Nikamshika kiganjani, nikamfungia na dume mmoja ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, ambacho mama alikuwa amekisugua kwa mkaa. Nikachungulia. Jike alimpapasa, akamgeuzia mgongo. Nikatia wa pili, wa tatu. Wote walinuka moshi, wote aliwakataa. Mama alipotukuta tumemchafulia kibuyu, alimtupa jike motoni. Asubuhi, shambani kwenye ukungu, madume watatu walitua kwenye kiganja nilichokuwa nimemshikia jike. Wakanipapasa polepole. Hawakunikataa.